Bastola ya Kadibodi Nyumbani kwa Dada

Mimi sinunui kitu bila kushika sampuli. Wenye maduka ya blauzi kule Shisanhang, soko la nguo la Guangzhou, wananijua kwa hilo, na wengine wakiniona tu nakunja kona wananuna. Nitashika kola, nitavuta mshono, nitageuza nguo ndani nje, nitaivaa juu ya nguo zangu hapohapo watu wakipita, mwenye duka ananifokea kwa Kichina na mimi namfokea kwa Kiswahili, na mwisho tunaelewana. Anayenikataza kushika simwagizi mzigo. Ndiyo tabia yangu, na imenilisha miaka mingi. Lakini safari ninayotaka kuisimulia iliniaibisha, na aibu yake hainitoki. Inanijia nikiwa naosha vyombo, najikuta nimesema kwa sauti, "Loo, mwanamke wewe!" na wajukuu wananiangalia.

Nilikwenda Guangzhou kwa mambo mawili ambayo familia iliyajua na moja ambalo haikulijua. La kwanza lilikuwa blauzi za sikukuu. La pili, na ndilo zito, lilikuwa kumrudisha dada yangu mkubwa Dar es Salaam, walau kwa wiki chache, mama amwone. Mama ana presha ya macho. Daktari alishatuambia kwamba nuru iliyobaki haitakaa. Anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linazidi kuziba. Dada akipiga simu ya video, mama anaisogeza simu mpaka inagusa pua, anaipeleka huku na huku, anasema, "Naona sikio. Sasa naona meno. Mwambieni atulie." Dada anacheka, halafu ghafla tunaona dari ya nyumba yake kwa muda mrefu. Sote tunajua analia.

Dada hajakanyaga Dar tangu alipoondoka, na sababu yake naijua kuliko mtu yeyote kwa kuwa nilikuwepo. Tulikuwa na duka Kariakoo, la dada hasa, mimi msaidizi wake. Mchana kweupe, adhuhuri imeshaswaliwa, wakaingia wanaume wawili wamevaa vizuri, mmoja akauliza bei ya gauni. Mwenzake akatoa bastola, akamwekea dada nyuma ya sikio. Tukalazwa kifudifudi katikati ya marobota. Dada alikuwa anarudia neno lilelile, "Funguo ziko kwenye droo, baba. Funguo ziko kwenye droo, baba," na aliendelea kulisema hata walipokuwa wameshaondoka. Mimi nilijikojolea. Watu walipoanza kumiminika mlangoni, dada alivua kanga yake ya mabegani akanifunga kiunoni, akalikaza fundo, akawaambia, "Mpisheni mdogo wangu, ameumia mguu." Mpaka leo familia nzima inajua kwamba siku ile niliumia mguu.

Baada ya hapo dada alifunga duka. Alikuwa na mazoea ya kuja Guangzhou kununua mzigo. Safari iliyofuata akaja akabaki. Akaanzisha shughuli ya kago pale mtaa wa Xiaobei: anapokea mizigo ya wafanyabiashara wetu, anaifunga marobota, anaipeleka kwenye kontena. Anasema anatembea barabara ya Huanshi Zhonglu na pochi yake mkononi na hakuna anayemgeukia. Mimi nilibaki Dar, na kwa muda mrefu pikipiki ikilipuka barabarani nilikuwa nalala chini, hata iwe mbele za watu, hata iwe nimevaa nguo za harusi. Siku moja nikakasirika. Mimi hasira ndizo zinazonisaidia maishani. Nikasema haiwezekani, siwezi kuishi hivi. Nikaenda kwenye klabu ya shabaha, nikamwomba kocha jambo moja: nisikie mlio wa risasi mara moja tu nikiwa nimesimama kwa miguu yangu.

Nikasimama. Nikalia sana, lakini nikasimama. Wiki iliyofuata nikarudi, na nyingine tena, na hapo ndipo mchezo wenyewe ukaninasa. Si mchezo wa kusimama kama mlingoti unalenga duara. Unakimbia kutoka kituo hadi kituo, unapita milango ya mbao, unapiga karatasi na visahani vya chuma vinavyolia ting! vikianguka, na saa inahesabu tangu kengele ilipolia mpaka risasi ya mwisho. Ukielekeza mtutu pasipotakiwa, unatolewa siku hiyohiyo, hakuna cha samahani. Mama mtu mzima kama mimi, na magoti yangu haya, nikimaliza mzunguko vijana wananipigia makofi. Nilikuwa nawaaga nyumbani kwamba naenda kwenye kikao cha akina mama. Niliona aibu kuwaambia ninakokwenda, na niliona raha mno kuacha.

Nilikuwa natumia bastola ya klabu. Kabla sijasafiri, kocha akaniambia, "Mama, umefika pa kuwa na yako. Kibali hakiombwi hewani, lazima useme unataka ipi. Ukirudi uniambie." Kocha ni mstaafu mmoja mpole ambaye hukohoa kabla ya kukukosoa.

Nikamwambia nimeshachagua. Nikamwonyesha picha ya bastola moja ndogo, nzuri, inang'aa, ingeingia hata kwenye pochi ya harusini.

Akakohoa. "Hiyo ni ya kuficha, mama. Sisi hatufichi, tunashindana. Ndogo inarukaruka mkononi, inabeba risasi chache, na alama zake za kulengea zimekaribiana mno, kwa hiyo kosa dogo la mkono linakuwa kosa kubwa kule mbele."

"Basi nichukue kama ya klabu."

"Ya klabu mpini wake mnene, kidole chako kinafika kwenye triga kwa ncha tu. Ndiyo maana risasi zako zote zinakwenda kushoto. Wewe chagua kwa mkono. Macho yako yanapenda vinavyong'aa."

Alikuwa amenipatia hasa, na nilikasirika njia nzima ya kwenda uwanja wa ndege. Akanitumia kwenye simu picha za bastola tatu, ile ndogo ikiwemo, nichague moja. Sasa nitachaguaje kwa mkono, nami niko China? Kule si mahali pa kuulizia bastola. Hata ya kuchezea ya mtoto, ikifanana sana na ya kweli, inaweza kukuletea askari mlangoni, na mimi nilikuwa nimeandikishwa polisi kama mgeni wa dada. Kitu kama hicho sikuthubutu kumuuliza mtu. Lakini kuagiza bila sampuli nako sikuweza, nilikuwa silali vizuri.

Jibu nililipata Shisanhang. Kwenye chumba kimoja cha juu, fundi wa kiwanda alikuwa anakata patani ya mkono wa blauzi kwenye kadibodi ngumu ya kahawia, na vipande vilivyobaki vimezagaa sakafuni. Nikavikodolea macho. Nikamwomba, akanipa furushi zima, akidhani labda nataka kufungia vyombo. Nikampigia kocha anitumie vipimo: urefu, unene wa mpini, na umbali wa kutoka mgongo wa mpini hadi kwenye triga. Akanicheka mpaka akakosa pumzi, halafu akavituma.

Nikawa nakata dada akiwa ghalani. Tabaka juu ya tabaka, gundi, napiga pasi vishikane, kisha natoboa ndani najaza vichwa vya zipu vya chuma ili uzito ukaribiane na wa kweli. Ile ndogo nilimaliza kwanza, bado naitamani. Nikaishika, kidole cha mwisho kikabaki kinaning'inia nje. Nikampigia kocha.

"Kidole chako cha mwisho kiko wapi?" akauliza.

"Kimekosa kiti."

"Basi na wewe utakosa shabaha."

Ya pili ilikuwa nene kama ile ya klabu. Ilinibidi kuizungusha mkononi ndipo nifikie triga. Ya tatu ilikuwa ndefu lakini mpini wake mwembamba. Nilipoishika, kidole kilitua kwenye triga chenyewe, katikati ya nyama yake, bila kuvutwa. Kocha alikuwa amenifundisha kipimo kimoja: fumba macho, inyanyue, fumbua. Nikafumba, nikainyanyua, nikafumbua. Alama ya mbele ilikuwa imekaa katikati ya alama ya nyuma, imetulia tuli. Nikapiga kigelegele cha chinichini, peke yangu, chumbani kwa mtu. Ilikuwa yangu kabisa, hata kama ni ya kadibodi.

Hapo ndipo umaridadi wangu uliponiponza. Sampuli mbaya mimi siwezi kukaa nayo. Ilikuwa na rangi ya boksi, kingo zimechakaa, gundi imevuja. Na nyumbani kwa dada tepu nyeusi ya kufungia marobota imejaa kila mahali, hata juu ya friji. Nikaizungushia tepu taratibu, nikaibana kila kona kama ninavyobana robota la kupeleka kwa mteja mkubwa. Nilipomaliza nikaiweka kitandani nikarudi nyuma nikaitazama. Mungu wangu, ilikuwa imetokea! Ilinitisha hata mimi mwenyewe. Nilipaswa kuichana siku ileile, lakini nilijisifu.

Wakati huohuo lile jambo la pili lilikuwa linakwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Mwanzoni dada alikuwa ananijibu yaleyale ya kila siku, tutaona, mzigo mwingi, mwakani. Halafu jioni moja tukampigia mama, mama akaisogeza simu huku na huku kama kawaida yake, akatulia, akasema, "Leo hata sikio silioni. Ongea tu, mwanangu, nakusikia." Dada hakugeuza kamera darini. Alimaliza maongezi, akafuta uso, akaniuliza ndege yangu inaondoka lini. Kesho yake alikuwa na tiketi ya ndege ileile.

Ukamwona dada amekuwa mtu mwingine. Akalishusha sanduku kutoka juu ya kabati. Akawa anaimba akifunga mizigo, ananichokoza, "Bibie, huko kwenu bado mnakula mihogo kwa kachumbari au mmekuwa Wazungu?" Kila siku analeta kitu cha mama. Lakini alikuwa bado na woga wake, na aliuliza maswali yake kwa namna ya kupitia tu, huku anakunja nguo. Geti lipo? Lipo. Mlinzi yupo? Yupo. Siku nyingine, bila kuniangalia, akasema, "Na pale kwako hakuna mtu anayeweka silaha ndani?"

Mama anaishi kwangu. Dada angelala kwangu, chumba kimoja na mama.

"Hakuna," nikamjibu.

Na ilikuwa kweli, hakukuwa na kitu. Nilimjibu kama muuza duka anavyokujibu kuhusu nguo ambayo bado haijachuja.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, jua linaingia mpaka kwenye zulia, mashine ya kufulia inanguruma bafuni. Dada alikuwa ameniambia yuko ghalani mpaka alasiri. Mimi nikafunga mkanda, nikaning'iniza ala ya bastola niliyoishona kwa mfuko wa jinzi kuukuu, nikabandika sahani ya karatasi mlangoni usawa wa kifua iwe shabaha. Nilikuwa nafanya zoezi la kugeuka. Unasimama umeipa shabaha mgongo. Kengele ikilia, unageuka kwanza, na ukishageuka ndipo unachomoa. Nikaitegesha simu ilie, nikatazama dirishani, mikono imetulia ubavuni.

Simu ikalia. Nikageuka, nikachomoa, nikanyoosha mikono yote miwili. Safi! Tangu nianze mchezo huo sijawahi kugeuka vizuri namna ile. Mlango ulikuwa wazi. Pale ilipokuwa sahani palikuwa na kifua cha dada yangu.

Alikuwa ameshika ndara mpya za mama, zile laini zenye mpira unaoshika sakafu, asiteleze. Zikaanguka. Dada hakupiga kelele. Alipiga magoti, akaweka mikono kichwani, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu, akasema, "Funguo ziko kwenye droo, baba."

Sasa nisikilize nilichofanya. Sikumkimbilia. Nilikimbilia kitandani nikaificha bastola chini ya mto. Boksi! Boksi lenye vichwa vya zipu! Nikalifunika, nikaweka na mto wa pili juu yake, nikaupapasa ulale vizuri, na muda wote huo nasikia nyuma yangu, "Funguo ziko kwenye droo, baba." Ndipo nikarudi kumwinua. Alikuwa amelowa jasho la baridi. Kanga nilikuwa nayo, iko hapa begani kwangu, na haikunijia hata kumfunika.

Alipojua kwamba ni mimi, aliinuka mwenyewe. Aliukataa mkono wangu, si kwa ukali, aliusogeza tu. Akaokota ndara akazipanga pamoja, akaenda jikoni. Nikasikia anajaza birika maji. Nikamfuata.

"Ilete," akasema.

"Nini, dada?"

"Nimesema ilete."

Nikaileta, nikaiweka mezani katikati ya kopo la sukari na tepu. Hakuigusa. Mimi nikaanza kuongea, na nikianza kuongea huwa sina breki. Nikamwambia ni boksi tu, ashike aone ilivyo nyepesi. Nikamweleza klabu, kocha, visahani vya chuma, pikipiki zilizokuwa zinanilaza chini. Nikamtajia hata ile kanga, ambayo hatujawahi kuitaja hata siku moja. Nikamwambia, "Dada, mimi nilichoka kulala chini." Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja juu ya birika.

"Nilikuuliza kama kuna silaha kwako," akasema.

"Na hakuna, wallahi."

"Itakuwepo."

"Itakaa klabuni, dada, kwenye kabati la chuma. Nyumbani haitaingia."

Akaitazama kwa mara ya kwanza. "Unasema hili ni boksi."

"Ni boksi, dada yangu."

"Basi lichane."

Jambo dogo kiasi hicho! Mikono yangu ilikuwa mitupu, kisu kilikuwa palepale kwenye kikapu cha vijiko. Angekuwa mtu mwingine angeshalichana zamani vipande mia. Mimi nikausikia mdomo wangu unasema, kwa ile sauti yangu ya kuombea punguzo kabisa, "Ngoja basi nilipige picha, na nichukue kipimo cha mpini nimtumie kocha, halafu nalichana hapahapa unaona."

Dada akacheka kidogo. Sijawahi kusikia kicheko kibaya kama kile. "Unaniomba nipunguze bei?"

"Dakika moja tu, dada."

"Meiyou," akasema.

Hilo ndilo neno la wenye maduka wote wa mji ule. Hakuna. Wakikuambia meiyou huku wanakutazama, bado kuna mazungumzo, vuta kiti ukae. Wakikuambia huku wanapanga vitu vyao, nenda zako. Dada alilisema huku anasuuza kikombe.

Hakunigombeza. Heri angenigombeza, mimi ugomvi nauweza. Alinipikia, akaniuliza kama chumvi imekolea, akanifungia blauzi zangu robota zuri kuliko la mteja yeyote. Ila sanduku lake lilikuwa limerudi juu ya kabati, na kuimba akaacha. Mama alipopiga simu, dada alizungumza naye habari za mvua.

Asubuhi ya kabla ya safari nikazitoa sampuli zote tatu, nikaketi kwenye sakafu ya jikoni mbele yake, nikazichana. Nilichana kwa meno pale tepu ilipokataa. Vichwa vya zipu vikamwagika vikakimbilia hadi chini ya jiko. Dada alinitazama, kisha akachukua fagio, akachuchumaa, akaanza kunisaidia kuvikusanya. Nikadhani yameisha.

"Utakuja?" nikamuuliza.

"Siji."

"Si nimeshalichana, dada?"

"Si habari ya boksi." Alikuwa anafagia polepole, ananitafutia maneno yasiyoumiza, na hakuyapata. "Uliniacha chini, mdogo wangu. Nilikuwa nimeinama lakini miguu yako naiona. Niliiona inakwenda kitandani." Akazoa vile vichwa vya zipu, akavitia kwenye kikombe, akanipa. "Huko nikianguka, nani ataniinua?"

Nilikaa pale sakafuni na kikombe changu, uso umenichoma hadi masikioni. Ningetamani aniulize lolote lingine duniani.

Alinisindikiza hadi uwanja wa ndege. Tulikaa kwenye treni ya chini ya ardhi bega kwa bega, masanduku yangu magotini petu. Alikuwa ametia ndara za mama kwenye mkoba wangu wa mkononi, juu kabisa, nisije nikazisahau. Kwenye mlango wa abiria akavua koti lake akanivika. "Ndege ina baridi," akasema. Lilikuwa linanukia udi wake, ule anaouchoma kila Ijumaa. Nikamkumbatia nikamwomba radhi, akaniambia, "Tumeshasameheana, nenda," na najua alisema kweli, na najua vilevile kwamba hakuja.

Nilipokuwa nimeketi nangoja kuitwa, ujumbe wa kocha ukaingia. "Mama, ipi?"

Ningeweza kumwandikia kwamba nimeacha. Ningeweza kutomjibu. Sampuli zilikuwa zimechanwa, lakini mkono wangu ulishaikariri, ulikuwa umejikunja wenyewe pajani. Nikamwandikia: ile ya tatu, yenye mpini mwembamba. Kisha nikazima simu haraka na kuangalia kama kuna aliyeniona.

Mama sikuwa nimemwambia kwamba dada haji. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, nikiyafikia nayaacha. Teksi iliposimama, alikuwa ameshatolewa kiti barazani, kavaa gauni lake la Idi, kajipaka wanja. Aliposikia mlango wa gari akasimama akaja mwenyewe kwa kupapasa ukuta, na kabla sijafungua mdomo akanishika uso kwa mikono miwili. Pua yake ikagusa bega la koti. Akavuta pumzi.

"Mkubwa wangu," akasema. "Mkubwa wangu, umekuja."

Alikuwa anatabasamu, anageuza kichwa huku na huku ananitafuta kwenye kale katundu kake, vidole vyake vinapita kwenye nyusi zangu, kwenye mashavu, na mimi nikamwacha afurahi, nikasimama nimevaa furaha ya mwenzangu mpaka nikashindwa.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Ni mdogo."

Vidole vikasimama. Akaniachia taratibu, akanipapasa shavu asije akaniumiza roho. "Haya, karibu mwanangu. Karibu sana. Sasa mwenzio ndiye analipa teksi?"

Nyuma yangu dereva alikuwa anashusha masanduku, injini bado inanguruma. Nikasema, "Mama, dada..." Buti likafungwa. Mama akaniwekea kiganja begani, akanisukuma pembeni kidogo, kwa upole, kwa sababu nilikuwa nimemziba geti.